Gigozi Mbili za Unga

Mama alipima unga kwa gigozi,
kopo lile lile la maziwa lililonilea,
sasa limebonyea tumbo, lina kutu mdomoni.
Mbili, zilizojaa. Akalipiga kwa kiganja, pa, pa,
kana kwamba muuzaji wa Kadutu bado amesimama mbele yake
na kidole kimezama ndani ya kipimo.

Mayai manne. Siagi kijiko kimoja,
"kimoja tu," alisema, akaongeza cha pili.
Chumvi. Bizari nyembamba iliyokaangwa kavu.
Pilipili ndogo zile kali, zilizotwangwa na kitunguu saumu
mpaka mimi, niliyekuwa mlangoni, nikapiga chafya.
"Haya, imetosha," akasema.

Kesho wangefika watu wa Uvira kumposa dada yangu Nsimire,
na nyumba yetu ya Panzi ina viti sita,
vingine kumi na vinne ni vya kuazima,
na soda ni deni kwa Mugisho.
Nyama ilikuwa ya kuhesabu.
Krokete ndizo zingeziba mapengo.

Kisukumio hatuna. Tuna chupa ya bia,
iliyooshwa, ikapakwa unga kama mtoto poda.
Kukata nikaitwa mimi, kwa kuwa ni fundi cherehani
(mwanafunzi wa fundi; neno hilo mama huliruka).
Nikakata kwa rula na kigurudumu cha kutilia alama,
upana wa kifungo cha shati, urefu wa vifungo viwili.
"Utazitia na pindo?" Nsimire akacheka,
ndio mara yake ya kwanza kucheka wiki ile.

Saa tatu usiku umeme ukaenda, mtaa mzima.
Tukahamia uani, makala na tochi ya simu,
mafuta yakaanza kunong'ona.
Kikaango cha kwanza kiliungua. Hicho tukakila wenyewe,
tumesimama, ndimi zinawaka, na raha ya wezi.
Cha pili, mama akaokota moja
akaivunja karibu na sikio.
Hakuonja. Alisikiliza.
"Bado."
Cha tatu akasikiliza tena, akatikisa kichwa taratibu:
"Hii inaongea."

Kesho yake salamu ziliisha upesi.
Baba mdogo Bisimwa akasema ng'ombe wanane.
Msemaji wao akasema watano, akatazama dari.
Halafu kimya,
kimya kile cha kanisani kabla mtu hajakohoa.
Mvua ikagonga bati mara mbili tatu, ikaghairi.
Sahani zilikaa pale mezani, hakuna aliyezigusa.
Nyuma ya pazia Nsimire aliuma ncha ya kitenge.

Ndipo bibi yao, Nalukoma, mwenye meno ya kuhesabu,
akanyoosha mkono, akachukua moja,
akaisukuma kwa ulimi hadi kwenye jino lililobaki kulia.
Kwachu!
Chumba chote kikageuka.
Kwachu, kwachu, macho ameyafumba,
kama mtu anayehesabu pesa zake gizani.
Akamaliza. Akameza. Akavuta sahani karibu.
"Ninyi bishaneni," akasema. "Mimi niko kazini."

Nani alianza kucheka sijui. Nadhani ni baba.
Baadaye walikuwa wakitafuna wote, pande mbili zote,
kelele tupu, kama watu wanaotembea juu ya changarawe,
na katikati ya kelele ile mtu akasema sita na mbuzi,
na mwingine, mdomo umejaa, akaitikia.

Siku hizi Nsimire hupiga simu kutoka Uvira jioni.
"Mama, kitunguu saumu kiasi gani?"
"Mpaka mtu wa mlangoni apige chafya."
"Huku mlangoni hakuna mtu, mama."
Mama hakujibu upesi. Akafuta mikono kwenye kitenge,
ingawa haikuwa na unga.
"Basi uache wazi," akasema. "Harufu itamleta."